Kijana wangu wa kazi hajaja siku ya tatu leo: nimfuate ama nimwache?

Mwana wa Guraya (mwanzilishi wa uzi), Jumatano usiku

Asalaam aleikum ndugu zangu, na hamjambo nyote.

Naandika nikiwa karakanani. Mlango nimeshafunga, nimeacha taa moja tu. Mimi ni seremala, karakana yangu iko Guraya hapa Mombasa, na nina kijana wa kazi wa miaka 19 niliyekaa naye miezi minne. Jumamosi nilimlipa tukaagana vizuri, au mimi nilidhani ni vizuri. Jumatatu hakuja. Jana hakuja. Leo pia hakuja, na simu yake haipatikani. Mchana muuza maji aliyepita na mkokoteni wake akaniambia amemwona Mtopanga, kwenye maskani, pale wanaposhinda wenzake wa zamani. Hao ndio tuliomtoa kwao kwa tabu.

Majirani wote wananiambia neno moja: achana naye, ashakula hela yako, vijana wanaotafuta kazi wamejaa. Neno hilo limekataa kunishuka, kwa sababu kijana huyo niliwahi kuwa mimi. Nawaeleza, kisha mnipe rai zenu.

Baba yangu alikuwa kuli bandarini Kilindini. Alifariki mwaka 2011 nikiwa kidato cha pili. Mama akabaki na sisi wanne na karai lake la mahamri. Karo ikanirudisha nyumbani mara mbili, na mara ya tatu sikurudi tena shule. Maskani yetu ilikuwa Majengo. Alasiri ilikuwa kutafuna muguka, yale majani ya jamii ya miraa, usiku bangi, na mchana wote tulilala. Nilipofika miaka 17 nilikuwa nikiwekwa pembeni niangalie njia wenzangu wakipora simu. Mmoja wetu alikamatwa na watu karibu na Mwembe Tayari, na kesho yake tukamzika. Tulipotoka makaburini tulirudi pale pale maskani, kwa kuwa hatukuwa na pahali pengine pa kurudi.

Mama ndiye aliyenipeleka kwa Fundi. Sitamtaja jina, hapendi mambo hayo, na kwangu mimi jina lake ni Fundi mpaka leo. Karakana yake ilikuwa Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale, na kila alfajiri alikuwa akinunua mahamri kwa mama. Tulimkuta akipiga randa. Mama akaanza kueleza, akawa analia. Fundi akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia aende nyumbani akapumzike. Kisha akanigeukia mimi.

"Kazi waitaka wewe, ama aitaka mamako?"

Nikanyamaza.

"Basi kaa hapo mpaka ujue."

Nilikaa juu ya kasha tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Hakunisemesha hata neno. Watu wanaingia na kutoka, yeye anafanya kazi yake. Alipokuwa akinawa kwenda msikitini nikasema naitaka. Akauliza, "Nani?" Nikasema mimi. "Kesho saa moja. Ikifika saa moja na dakika tano, mlango nshaufunga."

Kesho yake nilifika saa moja na dakika ishirini. Nikabisha, nikabisha. Nilikuwa nikiisikia randa ndani, na hakufungua. Siku ya pili yake nilikuwa pale kabla ya waliotoka kuswali alfajiri hawajamaliza kutawanyika.

Kazi niliyopewa ilikuwa kunyoosha misumari. Wanaojua useremala wa Mombasa wanajua kwamba mbao nyingi za kazi ndogondogo zatoka kwenye paleti za bandarini, na paleti ikivunjwa misumari hubaki imepinda. Fundi alikuwa na ndoo nzima. Akanipa nyundo na kipande cha reli ya zamani. Wiki tatu nzima ilikuwa ni hiyo kazi. Jioni alikuwa akichukua msumari mmoja mmoja, anauweka juu ya ubao uliokwisha pigwa randa, anauviringisha kwa kidole cha shahada. Ukiviringika bila kurukaruka autia kwenye kopo. Ukiruka aurudisha kwenye ndoo. Hasemi umekosea, hasemi wewe mjinga, wala haguni. Aurudisha tu. Nilimchukia kwa mkono ule wa kurudisha. Lakini nakumbuka jioni ya kwanza ambayo ngumi nzima ya misumari ilikwenda kwenye kopo, kwa sababu nilitembea mpaka nyumbani kwa miguu na sikupita maskani.

Kuna jambo moja ambalo sijaona watu wakilitaja wanapozungumza kuhusu watu wakali. Adhuhuri mkewe alikuwa akileta sinia la wali, na sote tulikula sinia moja. Mimi wa misumari, na mafundi wawili wakubwa waliokuwa wakichora nakshi. Nikichelewa kunawa, Fundi alikuwa akizuia watu wasianze.

Sasa nije kwenye wizi. Mwezi wa tatu niliiba mashine yake ya kutobolea, ile ya umeme. Nikaiuza kwa shilingi 2,000, na zikaisha usiku huo huo. Asubuhi nikaenda kazini kama kawaida, kwa sababu nilijua nikikosa ndipo atakapojua. Alijua. Akafunga karakana saa tatu asubuhi, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akaniambia, "Twende ukanionyeshe." Hakwenda polisi, wala hakwenda kwa mama. Tulitembea mpaka kwa yule aliyeinunua, na njia nzima hakunena. Tulipofika akasimama nje. "Ingia. Waijua njia."

Mwenye duka alitaka 3,500. Fundi akalipa. Tuliporudi alichukua kipande cha ubao wa mvule, akaandika kwa penseli 3,500, akakitundika nyuma ya mlango ambapo wateja hawakioni. "Nitakukata hamsini kila siku. Utaandika mwenyewe." Siku sabini niliandika. Siku ya kwanza ya deni sikwenda kwenye sinia, niliona haya. Akaniita mbele ya wote kwa sauti ya kawaida: "Deni ni la mashine. Chakula si deni. Njoo ule."

Siku ilipofika sufuri alikitungua kile kipande, akakibana kwenye meza, akanipa randa yake mwenyewe, ambayo hakuna aliyekuwa akiigusa. Akaniambia piga. Nikapiga mpaka maandishi yote yakawa maranda chini ya miguu yetu. Ubao ukawa mweupe, safi. Tukautumia kwenye kitanda cha mteja wiki ile ile.

Ndiyo maana nauliza. Nimfuate ama nimwache?

---

Bint Kuze, Jumatano usiku

Aleikum salaam kaka. Nimekusoma mpaka mwisho na machozi yamenitoka, lakini nina neno, na naomba usinielewe vibaya.

Ndugu yangu naye alipelekwa kwa fundi. Gereji. Na fundi yule naye akisifiwa ukali. Alikuwa akimpiga kwa mpira wa kuchotea mafuta, na watu wakisema anamnyoosha. Mama yetu akimwona na alama za mgongoni akisema samaki mkunje angali mbichi. Miezi mitano. Siku moja hakurudi nyumbani, na hakurudi tena. Alikuja kuonekana Likoni, upande wa feri, tayari ni teja. Hadi leo yuko hivyo.

Kwa hiyo ninaposikia watu wakisifu ukali naogopa. Hadithi yako ni nzuri, lakini kesho mtu atasoma hapa amshike mtoto wa mwenzake fimbo, aseme hata yule wa Guraya alinyooshwa hivi. Je, Fundi wako alikuwa akikupiga?

---

Mwana wa Guraya, Jumatano usiku

Dada yangu, Mungu amfungulie ndugu yako. Umeuliza swali la haki.

Hakunipiga hata siku moja. Mlango alinifungia, kazi alinirudishia, pesa alinikata. Mkono hakuniinulia. Na maneno yake makali yote yalikuwa juu ya mbao. "Hiki si kiungo, hili ni pengo." "Pima tena." "Bomoa." Sijapata kumsikia akisema mimi ni mwizi, na alikuwa na haki ya kusema. Ndugu yako walimpiga yeye. Mimi ilipigwa kazi yangu.

Mara moja tu alinikosea. Kulikuwa na mteja mkubwa, mwenye nyumba ya kale karibu na Mlango wa Papa, amekuja kutazama mlango wake. Mimi nikawa nimeweka bawaba vibaya. Fundi akasema mbele ya yule mtu, "Huyu kichwa chake kimeliwa na muguka." Mteja akacheka. Mimi nikaweka bisibisi chini nikatoka. Siku ile sikurudi.

Nitasimulia baadaye usiku ule ulivyokwisha, maana ndio unaonifanya niulize swali langu. Lakini ujue kwamba aliniambia, mzee wa miaka ile, mbele ya wale mafundi wawili: "Ulimi wangu ulinitangulia. Nisamehe." Sikuwahi kuombwa msamaha na mtu mzima kabla ya hapo.

---

Baba wa Bombolulu, Alhamisi asubuhi

Ndugu, mimi nitasema kile ambacho wengine wanakiona vibaya kukisema. Mwache.

Nina kijiwe cha kuchomelea vyuma, mwaka wa kumi na mbili huu. Nimechukua vijana saba wa mtaani. Wawili wamesimama, alhamdulillahi, mmoja yuko Mtwapa na kijiwe chake. Watano waliondoka na kitu. Mmoja aliniondokea na mashine ya kuchomelea, na nilikuwa bado sijamaliza kuilipia. Watoto wangu walikula chai kavu mwezi mzima kwa ajili ya huruma yangu.

Fundi wako alikuwa na 3,500 za kutoa siku ile. Wengine hatuna. Mtu asijione mbaya kwa kuwa uwezo wake umefika mwisho. Na kule Mtopanga kuna vijana wa mapanga, si pahali pa mtu mwenye familia kwenda usiku akamtafute mtoto wa watu.

---

Mhudumu wa Kisauni, Alhamisi asubuhi

Naomba nami niseme kidogo, kwa sababu nafanya kazi ya kuwafuata waathiriwa wa dawa za kulevya vichochoroni.

Kabla hamjashauri, mjue kijana anatumia nini. Kama ni muguka na bangi, kazi, chakula na mtu wa kumfuatilia vinaweza kumrudisha. Kama ni unga, yaani heroini, hapo fundi peke yake hatoshi, hata awe na moyo wa dhahabu. Unga humshika mwili. Akikosa anaingia arosto: mifupa inamuuma, anatapika, anaharisha, anatetemeka kwa baridi kwenye jua la Mombasa. Kijana aliye katika hali hiyo ukimwambia saa moja asubuhi uwe kazini hawezi kukusikia. Huo si utovu wa adabu, ni ugonjwa.

Matibabu ya methadoni, dawa ya kumtuliza mtu wa unga asipate arosto, yalianza Kenya Disemba 2014 pale Mathari, Nairobi, kisha yakaja Pwani. Hapa Kisauni kliniki ipo. Ni dawa ya kunywa, na anayeanza huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Nimeona mafundi wawili watatu waliokubali kijana aingie kazini saa nne badala ya saa moja ili apitie kliniki kwanza. Hao vijana wao wamekaa. Basi kaka, ukimwona, mtazame vizuri kabla ya kusema naye.

Na dada Bint Kuze, ndugu yako hajachelewa. Akikubali, mlete. MEWA nao, lile shirika la Kiislamu la ustawi wa jamii, wanapokea watu, na wamefanya kazi hii kwa miaka mingi hapa Mombasa.

---

Mwana wa Guraya, Alhamisi mchana

Ahsanteni. Baba wa Bombolulu, sikulaumu hata kidogo. Waliochukua vijana saba si wengi mjini humu, na hao wawili waliosimama wanajua wao peke yao thamani ya ulichofanya.

Mhudumu, huyu wangu ni muguka, na bangi kidogo. Unga sijauona kwake, lakini nitatazama. Na kwa kuwa muguka umetajwa: mwaka 2024 gavana wetu Abdulswamad Nassir aliupiga marufuku, mkasikia mvutano ulivyofika mpaka Ikulu na mahakamani Embu, kunakolimwa muguka wenyewe. Mimi niliunga mkono marufuku, na bado naunga. Lakini wiki zile nilikuwa nikipita maskani za huku kwetu, na vijana walikuwa wamekaa pale pale, wengine bila muguka mdomoni, wakingojea siku iishe. Hilo ndilo lilinifanya nimchukue huyu kijana.

Sasa nimalize habari ya usiku ule. Baada ya Fundi kuniaibisha mbele ya mteja nilirudi maskani. Wenzangu walinipokea kama aliyetoka safari. Saa tano hivi ya usiku tukaona mtu anakuja na tochi, amevaa kikoi na kanzu fupi. Wenzangu wakasimama, mmoja akashika kisu. Alikuwa Fundi. Mzee wa miaka sitini na kitu, peke yake, kwenye kichochoro ambacho hata polisi walikuwa wakikipita wakiwa wanne. Akatoa salamu. Akasalimia mmoja mmoja, na kwa kuwa alikuwa mtu mzima wakaitikia. Kisha akakaa. Juu ya jiwe, kati yetu. Hakunihubiria. Akamuuliza yule mwenye kisu baba yake ni nani, akamwambia alisoma naye madrasa. Akakaa kama nusu saa hivi. Alipoinuka akaniambia, "Ule mlango bado wataka bawaba," akaondoka, na tochi yake.

Nilimfuata. Sikuwa hata nimeamua, miguu ndiyo iliyoamua. Asubuhi yake ndipo aliponiomba msamaha.

Basi nakwenda kazini kwanza. Nina mlango wa mteja wa Mji wa Kale ninaopaswa kuumaliza, wa mbambakofi, na nimebaki peke yangu.

---

Mama Wawili, Kisauni, Alhamisi mchana

Kaka samahani nikiingilia. Mimi nina kijana wa miaka 15. Hajaharibika lakini naona ameanza kuelekea. Shule anakwenda akitaka. Babake hayupo. Nikisema naonekana adui. Nitampata wapi mtu kama huyo Fundi, na nikimpata nimwambie nini? Mamako alisema nini siku ile?

---

Mwalimu wa Tudor, Alhamisi alasiri

Mama, nikujibu upande wa shule. Kijana wa miaka 15 asitolewe shule aende kwa fundi. Sheria inamtaka awe darasani, na hata kama isingemtaka, cheti atakikumbuka akifika miaka 25. Jumamosi na siku za likizo zinatosha. Kwanza nenda shuleni mwenyewe, usimtume yeye barua. Mtafute mwalimu mmoja tu anayemjua kwa jina, umwombe akupigie simu siku ambayo hakufika. Mmoja anatosha kuliko kikao cha walimu wote.

Na wale waliokwisha kutoka shule, wasione kwamba mlango umefungwa. Kazi ya mikono ina mitihani ya NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi, kuanzia gredi ya tatu kwenda juu, na fundi wa mtaani anaweza kuifanya bila kupita chuoni. Wengi hawajui hilo.

---

Mwana wa Guraya, Alhamisi alasiri

Mama Wawili, mwalimu amesema kweli, mfuate. Hiyo gredi ya tatu mimi niliipata mwaka 2015, na Fundi ndiye aliyelipa. Alikiangalia cheti, akakigeuza nyuma kuona kama kuna kitu, akanirudishia akasema, "Sasa waweza kukosea kwa stakabadhi." Halafu akaenda kuwaonyesha wanunuzi wa kahawa barazani, nilikuja kuambiwa.

Mamangu hakusema mengi. Alisema, "Huyu ni mwanangu, na mimi nimeshindwa." Ukitafuta mtu, usimtafute anayeongea na vijana vizuri. Mtafute ambaye wafanyakazi wake wamekaa naye miaka. Nenda mchana, wakati wa kula, uone wanakulaje. Na ukishamkabidhi, usiwe ukimpa mtoto pesa kwa mlango wa nyuma. Fundi alimkataza mama jambo hilo, na ndilo peke yake alilomkataza.

---

Mwana wa Guraya, Alhamisi usiku

Ndugu zangu, kuna mambo yametokea, na mengine yananiuma kuyaandika.

Alasiri nilikuwa nikitafuta plaiwudi, zile ninazoegemeza ukutani. Nikavuta ya mwisho. Nyuma yake kulikuwa na ubao wa mbambakofi umefunikwa gunia. Ulikuwa mwimo, ule mti wa kusimama ubavuni, wa ule mlango wa mteja. Nilikuwa nimemwachia kijana aukate Jumamosi nilipotoka kwenda kununua vitasa. Ulipaswa kuwa futi saba. Nikaupima: futi sita na nusu. Amekosea, akauficha.

Nikakaa chini. Nikakumbuka asubuhi ya Jumamosi hiyo hiyo alipoangusha kipande kidogo kikapasuka, nami nikamwambia, maneno yangu haya haya: "Mbao hii ina thamani kuliko wewe." Nilikuwa na haraka. Nilisema nikapita, wala sikukumbuka mpaka leo. Bint Kuze, niliposoma swali lako jana nilijibu kuhusu Fundi, na nilijibu kwa kujiamini. Sikujiuliza kuhusu mimi.

Nikafunga nikaenda Kibokoni. Fundi sasa amezeeka, mikono yamtetemeka, karakana ameachia wale mafundi wawili, lakini kila siku baada ya alasiri huwa barazani. Nikampa habari yote. Akauliza, "Amechukua nini?" Nikasema hakuchukua kitu, ni ubao tu ameukata mfupi. "Na ulimwambia nini?" Nikamwambia. Akanyamaza sana, mpaka nikadhani hakusikia.

Kisha akasema, "Mimi nilikufuata mara nne. Wewe waijua moja."

Nikamtazama.

"Mara tatu nilisimama pale kwenye duka la mkaa, nikakuona u mzima, nikarudi kulala."

Ndugu zangu, mimi ni mtu mzima, nina mke na watoto wawili. Nilifunika uso kwa kofia yangu pale barazani na watu wakipita. Duka lile la mkaa nalijua. Ni mwendo mrefu kwa miguu kutoka Kibokoni, na usiku ule wa tochi alikuwa ameshaanza kuumwa na goti. Miaka yote hii sikujua kwamba usiku mwingine, mimi nikiwa kwenye bangi yangu, mtu alikuwa amesimama gizani akinihesabu.

Nilimuuliza kwa nini hakuja akaniita. Akasema, "Ungekuja kwa haya. Nilitaka uje kwa kazi."

Baada ya magharibi nikachukua matatu mpaka Mtopanga. Baba wa Bombolulu, nilikukumbuka, nikaenda na shemeji yangu, na mapema. Tulimkuta nyuma ya safu ya maduka, wako sita. Nikatoa salamu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa cheusi kwa uchafu. Jumamosi, msumeno ulipoteleza, ulimpata na yeye. Kidole cha gumba. Hakuniambia hata hilo. Mhudumu, nilimtazama kama ulivyosema: macho yake yako sawa, ni uchovu, njaa na muguka.

Sikujua niseme nini, nikakaa. Mmoja wa wenzake akanisogezea tofali. Nilikaa kidogo, tukazungumza mambo ya mpira na wao. Halafu nikamwambia mbele yao wote, kwa kuwa nilimkosea palipo na watu: "Jumamosi nilikwambia neno baya. Si kweli, na sikupaswa kulisema. Nisamehe." Aliinamisha kichwa. Nikasema, "Ule mwimo nimeuona. Mfupi kwa mwimo, lakini mlango wa mteja una upana wa futi nne. Utatutosha kizingiti cha juu. Kuna kazi ya kuurandaranda upya, na ni yako." Akauliza kwa sauti ndogo kama nitamkata. Nikamwambia tofauti ya bei tutaiandika, hamsini kwa siku, na ataiandika mwenyewe.

Hakuja nami. Sikumvuta. Nilimwachia pesa ya kwenda kusafishwa kidonda, nikamwambia saa moja.

---

Bint Kuze, Alhamisi usiku

Kaka, umenijibu sasa. Nimempigia simu mama. Kesho tunavuka feri, mimi na yeye, tukamtafute yule ndugu yetu. Mhudumu, nakuandikia faraghani.

---

Baba wa Bombolulu, Ijumaa alfajiri

Sijabadilisha rai yangu, lakini nimeamka na mimi natazama saa. Utuambie.

---

Mwana wa Guraya, Ijumaa asubuhi

Nimefika saa kumi na mbili u nusu. Yuko hapa. Amekaa barazani, kidole kimefungwa bandeji nyeupe, na miguuni kwake ameweka mkate na pakiti ya maziwa aliyonunua kwa chenji ya ile pesa. Hajaniona bado, nimesimama ng'ambo ya barabara. Naenda kufungua. Nitawajibu wengine jioni.